Barua ya mdogo wangu niliimaliza usiku mmoja, ya watu wengine imenishinda

Habari za leo ndugu mshauri, naomba univumilie maana naandika kama inavyokuja.

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakakata mpaka leo, namuuguza mimi nyumbani. Mdogo wangu alipokuja kunipokea wiki 2 nilimwandikia barua ya kumwachia, kurasa 11 usiku mmoja bila kunyanyua kichwa. Kwamba amgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, asimlishe akiwa amelala, na akishakula asimlaze hapo hapo amwache kama nusu saa maana anapaliwa, akimvalisha blauzi aanze na mkono uliopooza na akimvua amalizie na huo huo, alafu mama akihangaika kutafuta neno asimmalizie, amsubiri tu.

Ile barua mdogo wangu akampa rafiki yake anayemuuguza baba yake, naye akampa mwingine, mpaka mtu anayekuja kumfanyisha mama mazoezi akaisoma akaniambia dada hii waandikie watu wengi, wengi wanarudishwa nyumbani na mgonjwa hawajui hata pa kumshika. Nilifurahi sana. Sasa ni miezi 4 na sina hata ukurasa mmoja wa maana.

Yaani nikikaa tu mkono unakuwa mzito. Kwa mdogo wangu niliandika "mshike kiunoni usimvute mkono utamuumiza bega", kwa watu naandika "mgonjwa anapaswa kunyanyuliwa kwa uangalifu", nikisoma naona hata mimi ningeiacha, nafuta. Nimejaribu kuamka alfajiri, nimejipangia nusu saa kila siku nikadumu siku 5. Wananiambia ni uchovu, kweli nimechoka ila ile barua niliiandika nikiwa nimechoka kuliko sasa hivi.

Nikijichunguza naona kuna kingine, yale yote ni mambo ya mwili wa mama. Mdogo wangu ni mwanae, anaruhusiwa kujua mama anabadilishwaje nepi, ila mtu nisiyemjua? Nikiyatoa hayo yanabaki maneno makavu na ndo yale yale yenye msaada. Nilimuuliza mama mwenyewe, nikamwambia nataka wengine wasihangaike kama tulivyohangaika sisi, akanishika kwa mkono wake wa kushoto akanibana kwa nguvu, mpaka leo sijui alisema sawa au alisema usinifanyie hivyo mwanangu.

Naomba mnaowaandikia watu msiowaona mniambie, mkikaa kuandika mnamuweka nani mbele ya macho? Niendelee tu kumwandikia mdogo wangu alafu niwape wengine ilivyo? Na mama nimuulize vipi tena mpaka nipate jibu lake kweli? Yule anayemuuguza baba yake kanitumia meseji jana anauliza kama nimeshamaliza, bado sijamjibu.