Kura yako ya Leicester: barua kwa Zainabu

Kwako shoga yangu Zainabu,

Salamu tele kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Maswali yako nimeyapata: kama una haki ya kupiga kura hapo Leicester, Uingereza, ilhali pasi yako ni ya Tanzania, na kwa nini majirani zako wanaisonya serikali waliyoiweka madarakani wenyewe Julai 2024. Nianze na la majirani, maana wengi wao hawakuiweka.

Tarehe 4 Julai 2024 chama cha Labour walipata asilimia 33.7 ya kura zilizopigwa, wakaondoka na viti 411 kati ya 650. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 60 tu ya walioandikishwa. Kwa hiyo ukiwapanga watu 100 walio kwenye daftari la wapiga kura, kama 20 ndio walioichagua serikali hii, 40 walichagua vyama vingine, na 40 walikaa nyumbani. Mwaka 2019 Labour hao hao walikuwa wamepata kura zaidi ya milioni 10 wakaambulia viti 202. Mwaka 2024 kura zilipungua hadi milioni 9.7, viti vikaongezeka maradufu. Hawakuwa wamependwa zaidi. Upande wa pili ulipasuka: vyama vya Conservative na Reform UK waligombania wapiga kura wale wale, jimbo baada ya jimbo, na Labour wakapenya katikati.

Mfumo wenyewe hauhitaji kufundishwa, kwa kuwa ubunge wa majimbo kwetu na Kenya tumeurithi kutoka huko: kila jimbo mbunge mmoja, mwenye kura nyingi kuliko wenzake anachukua kiti hata kama hakufika nusu. Tofauti ni kwamba sisi tumeongezea vitu juu yake. Tanzania kuna viti maalumu vya wanawake vinavyogawanywa kwa kufuata kura za vyama. Kenya rais lazima apite asilimia 50. Bunge la Westminster, yaani la Uingereza nzima, halijaongeza kitu. Kura ya aliyeshindwa haiendi popote.

Mji wako ni mfano mzuri kuliko wowote niujuao. Leicester East lilikuwa ngome ya Labour tangu 1987. Mwaka 2024 wabunge wawili wa zamani wa jimbo hilo, Keith Vaz na Claudia Webbe, wote waliowahi kushinda kwa tiketi ya Labour, waligombea nje ya chama hicho na kwa pamoja wakazoa kura zaidi ya 9,000. Mgombea wa Conservative, Shivani Raja, akashinda kwa tofauti ya 4,426, akiwa na asilimia 31 tu ya kura. Katika nchi nzima hilo ndilo jimbo pekee ambalo Conservative walilipata jipya, usiku ule ule waliokuwa wakipoteza viti zaidi ya 240. Ng'ambo ya mji, Leicester South, Jonathan Ashworth wa Labour aliangushwa na mgombea binafsi, Shockat Adam, kwa kura 979, sehemu kubwa kwa hasira ya vita vya Gaza. Mji mmoja, siku moja, na matokeo mawili ambayo wimbi la taifa halikuyatabiri.

Kule South West Norfolk, Liz Truss, waziri mkuu wa zamani, alipoteza kiti kwa kura 630 kwa mtu aliyepata asilimia 26.7. Yaani karibu watu watatu kati ya kila wanne waliopiga kura jimboni humo walimtaka mtu mwingine.

Sasa gawanya kura za kila chama kwa viti vyake uone. Labour walitumia kura kama 23,600 kupata mbunge mmoja, Conservative kama 56,000. Reform UK, wenye kura zaidi ya milioni 4.1, walipata wabunge watano: kura zaidi ya 820,000 kwa kila kiti. Chama cha Greens karibu nusu milioni kwa kiti. Jambo linalonishangaza zaidi ni chama cha Liberal Democrats. Mwaka 2010 walipata kura milioni 6.8 na viti 57. Mwaka 2024 walipata milioni 3.5, nusu yake, na viti 72. Walichofanya ni kuacha kutafuta kura kila mahali. Wakapeleka vipeperushi, fedha na watu wa kugonga milango katika majimbo yale tu ambako walikuwa wa pili nyuma ya Conservative. Mfumo huu unamlipa mwenye kura zilizorundikana mahali pamoja na kumwadhibu mwenye kura zilizotapakaa. Chama cha SNP, kinachotaka Scotland iwe nchi huru, kilionja pande zote mbili: mwaka 2015 kilichukua viti 56 kati ya 59 vya Scotland kwa nusu ya kura za huko, na mwaka 2024 kikabaki na 9.

Ndiyo maana utasikia watu wakizungumzia kupiga kura kimkakati. Maana yake ni kumpa kura mtu usiyempenda sana ili kumzuia usiyemtaka kabisa. Hatua ya kwanza ni kutazama matokeo ya uchaguzi uliopita ya jimbo lako, siyo tafiti za maoni za taifa, na kujua wawili wa juu ni nani. Inapoharibika ni pale mipaka ya majimbo inapochorwa upya, kama ilivyokuwa kabla ya 2024, au anapotokea wa tatu mwenye nguvu: watu wanakisia vibaya nani wa pili, wanagawana, na yule wa kwanza anapita kilaini. Usiamini mchoro wa asilimia kwenye kipeperushi cha chama chochote bila kusoma maandishi madogo chini yake. Mara nyingi takwimu ni za uchaguzi wa madiwani, au za jimbo jirani.

Utii wa chama ndio nusu ya pili ya habari. Mbunge akishaingia Westminster anakuwa chini ya wanadhimu wa chama chake, wanaosimamia nidhamu ya kura. Kila wiki wanampelekea karatasi ya ratiba, na hoja iliyopigiwa mistari mitatu chini yake ina maana moja: uwepo, na upige kura na wenzako. Ukikaidi unaweza kuondolewa kwenye kundi la wabunge wa chama. Tofauti na Tanzania, ambako mbunge akipoteza uanachama amepoteza na kiti, Uingereza anabaki mbunge, anakaa kama mtu binafsi. Vivyo hivyo anaweza kuhama chama bila kuwarudia wapiga kura; Lee Anderson alichaguliwa kama Conservative mwaka 2019, na Machi 2024 akawa mbunge wa kwanza wa Reform UK. Adhabu halisi inakuja baadaye, kwenye uteuzi wa wagombea, na wabunge wanaijua. Tena sheria inaruhusu hadi mawaziri 95 kuketi katika Commons, baraza la wabunge wa kuchaguliwa, na waziri akitaka kuipinga serikali hadharani lazima kwanza aachie wadhifa.

Septemba 2019 waziri mkuu Boris Johnson aliwafukuza wabunge 21 wa Conservative kwenye kundi lao kwa sababu ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, wakiwemo waliowahi kuwa mawaziri wa fedha. Julai 2024 Labour, wiki tatu tu tangu washinde, wakawasimamisha wabunge saba waliounga mkono kuondolewa kwa ukomo wa watoto wawili kwenye posho za familia maskini. Novemba 2025 serikali hiyo hiyo ikatangaza kuuondoa ukomo huo. Mimi naona kisa hiki kinaeleza kukata tamaa kwa watu kuliko takwimu nyingi: mbunge anaadhibiwa kwa kusema mapema kile ambacho chama kitakuja kukisema kwa kuchelewa.

Lakini wale wanaosema hasira yote inatokana na mfumo wa kura wanarahisisha. Mwaka 2009 magazeti yalifichua wabunge waliodai fedha za umma kwa matumizi ya nyumbani kwao. Mwaka 2010 Liberal Democrats, walioahidi kutopandisha ada za vyuo vikuu, waliingia serikalini wakakubali zipandishwe hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na mwaka 2015 wakaporomoka kutoka viti 57 hadi 8. Kisha sherehe za Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, wakati wa Uviko-19 watu wamewekewa ukomo hata wa kuzikana, na Johnson akapigwa faini na polisi Aprili 2022. Halafu Truss, aliyepata uwaziri mkuu kwa kura 81,326 za wanachama wa chama chake, akadumu siku 49. Haikuwa kinyume cha sheria, maana wananchi wa Uingereza hawamchagui waziri mkuu moja kwa moja. Ila jaribu kumweleza hivyo mtu ambaye riba ya mkopo wake wa nyumba ilipanda wakati wa Truss. Katika utafiti wa British Social Attitudes uliotolewa 2024, asilimia 45 walisema karibu kamwe hawaiamini serikali ya chama chochote kutanguliza maslahi ya taifa mbele ya ya chama. Wakati huo ilikuwa rekodi.

Kwa nini basi hawabadilishi? Kwa sababu mwenye uwezo wa kubadilisha ni yule aliyeshinda kwa mfumo huo. Ilani ya Labour ya 1997 iliahidi kura ya maoni kuhusu mfumo huo, tume ya mwanasiasa Roy Jenkins ikatoa mapendekezo mwaka 1998, yakafungiwa kabatini. Mkutano mkuu wa chama hicho ukapitisha hoja ya kutaka uwiano wa kura, yaani viti vigawanywe kulingana na kura za kila chama, mwaka 2022, uongozi haukuiweka kwenye ilani. Kura ya maoni pekee iliyofanyika ni ya Mei 2011, na haikuhusu uwiano hata kidogo, bali kuwapanga wagombea kwa nambari ndani ya jimbo lile lile la mbunge mmoja. Asilimia 67.9 walikataa.

Kinachochekesha ni kwamba uwiano tayari upo nchini humo humo, nje ya Commons. Ireland Kaskazini wanawapanga wagombea 1, 2, 3 na kila jimbo linatoa watano. Wales, kuanzia uchaguzi wa Mei 2026, kila jimbo linatoa sita kwa orodha za vyama. Glasgow, huko Scotland, mtu mmoja anatumia mifumo mitatu: alama ya X moja kwa Westminster, karatasi mbili kwa Bunge la Scotland, na nambari kwa madiwani. Uwiano nao una magonjwa yake. Mwaka 2007 Scotland waliweka chaguzi mbili siku moja, na kura mbili za Bunge wakazichapa kwenye karatasi moja. Watu wakachanganyikiwa, na kura zaidi ya 140,000 zikakataliwa. Na serikali ya Ireland Kaskazini ilisimama kabisa kuanzia 2017 hadi 2020, kisha tena 2022 hadi 2024, kwa kuwa lazima vyama vikubwa vya pande zote mbili, wanaotaka kubaki Uingereza na wanaotaka kuungana na Ireland, vikubali kukaa pamoja. Mimi naupendelea uwiano, ila sitakudanganya kwamba unazaa viongozi waaminifu.

Haya, tuje kwako. Ndiyo, unapiga kura, na tena zote: ubunge, udiwani na kura za maoni. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza ana haki hiyo, na hapo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Wengi wetu hatujui; tunadhani mpaka uchukue uraia, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili tunabaki na pasi zetu na kunyamaza. Shemeji, akiwa bado na pasi ya Burundi, hana kura hapo England. Lakini ndugu yake wa Glasgow, Mrundi kama yeye, akiwa na kibali anaruhusiwa kuchagua Bunge la Scotland na madiwani.

Jiandikishe kwenye tovuti ya serikali. Andaa namba yako ya Bima ya Taifa (National Insurance). Mwisho ni saa sita usiku, siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Hesabu siku za kazi tu, ruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu, hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukitaka kura ya posta, omba kabla ya saa kumi na moja jioni, siku 11 za kazi kabla. Kwenye fomu inayoambatana nayo kuna sehemu ya tarehe ya kuzaliwa; watu huandika tarehe ya siku hiyo, au husahau kutia saini, na kura inatupwa bila kufunguliwa.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na ukiwa kwenye foleni saa nne inapogonga bado unapiga. Chukua pasi yenyewe. Picha yake kwenye simu haikubaliki. Ya Tanzania inatosha, hata iliyokwisha muda, mradi sura yako ionekane ni wewe. Ukivaa nikabu, omba mwanamke akukague faraghani. Kama jina la pasi na la daftari havifanani kwa sababu ya ndoa, beba cheti. Watu wenye beji za vyama wanaokuuliza namba mlangoni ni mawakala, siyo wasimamizi. Huna wajibu wa kuwajibu.

Kwa ubunge weka X moja, kwa udiwani fuata idadi iliyoandikwa kwenye karatasi, na usiandike jina lako popote. Ukikosea, usiidumbukize karatasi: mrudishie msimamizi, atakupa nyingine. Na yule jirani anayesema ataacha karatasi tupu kuonyesha hasira, mwambie itahesabiwa kwenye rundo la zilizoharibika, pamoja na za waliokosea kwa bahati mbaya, na hakuna atakayejua ipi ni ipi.

Niandikie ukishapata uthibitisho wa Halmashauri kwamba umo kwenye daftari.

Shoga yako,
Mwanahawa