Mafundi, msikate pindo la jinzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi cherehani wenzangu, na wateja wetu pia, juu ya kubana suruali za jinzi.

Vijana hutuletea jinzi pana za mitumba tuzipunguze miguu. Fundi mwenye haraka hupitisha mkasi kwenye mshono wa nje, akapiga ovaloki, yaani mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, kazi imekwisha. Kwa jinzi nyingi hakuna hasara. Lakini kabla ya mkasi, tafadhali geuzeni mguu wa suruali muutazame mshono huo kwa ndani. Mkiona kingo mbili nyeupe zilizojifunga zenyewe bila ovaloki, pengine na uzi mwekundu ukipita humo, wekeni mkasi chini.

Kingo hizo ndizo pindo ninalosema, si upindo wa chini ya mguu, nalo hutoka kwenye mtambo wa kizamani wa kufuma. Kipande cha mbao kilichochongoka pande mbili hubeba uzi wa mshindio, yaani ule unaopita kwa upana wa kitambaa, huenda na kurudi na uzi uleule bila kuukata, ndiyo maana ukingo haufumuki. Kitambaa hutoka chembamba, inchi 30 hivi, tena polepole. Mitambo mingi ya kisasa hufuma upana wa maradufu, ila uzi hukatwa kila ufikapo ukingoni.

Kiwanda cha White Oak, Greensboro, Marekani, kilichoanza 1905, kiliifumia kampuni ya jinzi ya Levi's kitambaa cha suruali zake za 501 kwa miaka mingi, na uzi mwekundu ulikuwa alama ya mteja huyo. Kilifungwa mwisho wa 2017. Siku hizi wanaosifika ni Wajapani wa Okayama, na baadhi ya mitambo yao ya zamani ni ya Toyoda, kampuni iliyozaa Toyota hizi zilizojaa barabarani kwetu.

Kinachonivuta zaidi ni rangi. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, huchovywa kwenye nili, rangi ya buluu, zikatolewa zipigwe na hewa, zikachovywa tena na tena, na bado nili haifiki moyoni mwa uzi. Mshindio hubaki mweupe. Suruali ikivaliwa, weupe hujitokeza pale mwenyewe anapokunja goti na pale anapoweka simu. Kwenye mshono wa nje, kingo zilizolazwa huku na huku huchora mistari miwili iliyopauka mguu mzima. Ukikata hapo, umefuta kazi ya miaka ya mvaaji.

Nimewahi kuletewa suruali ya aina hiyo ikiwa imeshakatwa na fundi mwingine, mwenyewe akitaka pindo lirudi. Halirudi. Pindo halishonwi, hufumwa.

Kubana kunawezekana. Fumueni mshono wa ndani ya mguu, mpunguze huko, na kama ulikuwa umelazwa kwa mistari miwili, ulazeni vilevile. Msizidishe, maana ukipunguza mno upande mmoja mguu hupinda. Kazi hii hula muda, na ni haki mteja alipe zaidi. Mimi humtajia bei kabla sijafumua hata uzi mmoja.

Fundi cherehani,
Buguruni, Dar es Salaam