Mapato ya kaunti ni makadirio, yachapishwe hivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kuzungumzia jedwali mlilochapisha hivi karibuni, lililozipanga kaunti za Marekani kuanzia ile ambayo kaya zake zina mapato makubwa hadi ile iliyoshika mkia. Nia ya jedwali lile ni njema, kwa kuwa msomaji ana haki ya kujua hali ya maisha ya watu wa sehemu mbalimbali. Kinachonisumbua ni kwamba kila kaunti ilipewa tarakimu moja tu, iliyonyooka hadi dola ya mwisho, kana kwamba kuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba akaiuliza kila kaya.

Hakuna aliyefanya hivyo. Fomu ndefu ya sensa, iliyokuwa ikiuliza habari za mapato, ilitumika mara ya mwisho mwaka 2000, na mahali pake pakachukuliwa na Utafiti wa Jamii za Marekani, ambao Ofisi ya Sensa huuendesha mwaka mzima kwa sampuli ya anwani zipatazo milioni 3.5. Kwa nchi nzima, sampuli hiyo ni kubwa sana. Lakini ikishagawanywa kwa kaunti zaidi ya 3,100, zipo zinazobaki na kaya chache mno. Ndiyo maana makadirio ya mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi, na kaunti zilizo chini ya hapo, ambazo ndizo nyingi, hupewa makadirio yaliyokusanywa kwa miaka mitano. Tarakimu ya kipindi cha 2018 hadi 2022 inachanganya miaka ya kabla ya UVIKO-19 na ya baada ya kuzuka kwake, na anayeilinganisha na ile ya 2017 hadi 2021 akatangaza kwamba kaya zimeneemeka asisahau kwamba vipindi hivyo viwili vina miaka minne inayofanana.

Anayetaka tarakimu ya mwaka mmoja kwa kaunti ndogo anayo njia nyingine, nayo ni makadirio ya Ofisi hiyohiyo yanayojulikana kwa kifupi cha SAIPE, yaani Makadirio ya Mapato na Umaskini ya Maeneo Madogo. Hapa ndipo penye kazi ya kupendeza, na nasikitika kwamba makala yenu haikuigusa. Wataalamu huchukua jibu la utafiti kwa kila kaunti, kisha huandaa jibu la pili kwa kutumia kumbukumbu ambazo serikali tayari inazo, zikiwemo ritani za kodi na hesabu za mapato za Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi. Majibu hayo mawili huunganishwa kwa mizani: pale ambapo sampuli ni kubwa, utafiti hupewa uzito zaidi, pale ambapo sampuli ni ndogo na jibu lake linayumba, uzito huhamia kwenye kumbukumbu. Msingi wa njia hiyo uliwekwa na Robert Fay na Roger Herriot mwaka 1979. Kaunti ya Los Angeles, ambako sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 10, inaweza kujisemea yenyewe. Kaunti ya Loving huko Texas, ambako sensa ya 2020 ilihesabu watu 64, haiwezi. Wala ritani za kodi peke yake hazitoshi, kwa sababu kaya moja inaweza kuwasilisha ritani tatu, na mzee anayeishi kwa pensheni ndogo huenda asiwasilishe hata moja.

Kila makadirio hayo hutolewa pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 90, yaani kiwango cha chini na cha juu ambacho tarakimu halisi inatarajiwa kuwa kati yake, na masafa hayo ndiyo mliyoyaacha. Tuchukue mfano wa kubuni: kaunti moja inakadiriwa kuwa na dola 52,000, ikiwa na masafa ya 46,000 hadi 58,000, jirani yake ina 54,000, ikiwa na masafa ya 51,000 hadi 57,000. Kwa ushahidi huo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni ipi yenye mapato makubwa zaidi, lakini jedwali lenu lingeiweka moja juu na nyingine chini, na wasomaji wangeamini.

Makala iliyoambatana na jedwali ilikosea pia ilipojumlisha mapato ya kati ya kaunti za jimbo moja na kuyagawanya ili kupata ya jimbo zima. Mapato ya kati ni kiasi ambacho nusu ya kaya ziko juu yake na nusu ziko chini, na viasi vya namna hiyo havijumlishwi. Kaunti yenye kaya tatu za dola 20,000, 30,000 na 90,000 ina mapato ya kati ya 30,000. Nyingine yenye kaya tano za 50,000, 60,000, 70,000, 80,000 na 100,000 ina 70,000. Kwa hesabu yenu jibu ni 50,000. Zipange kaya zote nane pamoja na jibu ni 65,000.

Ninaomba basi kwamba mtakapochapisha tena jedwali kama hili, kila tarakimu iandamane na masafa yake, mtaje ni makadirio yapi na ya kipindi gani, na kaunti ndogo zipangwe kwa makundi mapana badala ya kupewa nafasi moja moja.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi