Barua kwa mdogo wangu kabla ya harambee ya Jumapili

Mdogo wangu mpendwa,

Habari zimenifikia hapa Nakuru kabla hujanipigia: viza ya kwenda kusoma Marekani imetoka, kamati imeundwa, na harambee ni Jumapili baada ya ibada. Mama mdogo alinipigia akilia kwa furaha, akaniambia hata akina mama wanaouza omena soko la Kibuye wameahidi kuchanga. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo vijana wengine Siaya, Kakamega na Bungoma wanaofunga virago kama wewe.

Ombi langu ni moja. Wasomee watu hesabu yote kabla hawajatoa chochote.

Kadi ya harambee inataja nauli na karo ya muhula wa kwanza. Wa pili je? Karo yako inahesabiwa kwa dola, nasi tunachanga kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa 129 hivi. Kwa karo ya dola 5,000, tofauti hiyo inapita shilingi 150,000. Mzazi ambaye hajaelezwa jambo hili, siku shilingi ikianguka tena, atadhani mtoto anamdanganya. Wataje pia zile dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ulizolipa kabla ya mahojiano ya ubalozi, bima ya afya ambayo vyuo vingi hulazimisha, na vitabu. Kisha waeleze habari ya kazi: viza yako ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena kazi ya ndani ya chuo. Ujira huo utakusaidia kwa chakula na sabuni. Hautalipa karo, wala hautajenga nyumba ya nyanya. Mjomba anaposema utaanza kutuma pesa Desemba, anasema kwa mapenzi, lakini mweleze kwa heshima, na umweleze watu wakisikia.

Mimi nilisomea Kansas, jimbo ambalo Wangari Maathai alifika mwaka 1960 kusoma biolojia katika chuo cha watawa mjini Atchison. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1959, ndege ya kwanza ya mpango wa mwanasiasa Tom Mboya wa kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani ilikuwa imewafikisha wanafunzi 81 New York. Barua za vijana wale zilichukua muda mrefu kufika nyumbani. Sisi tuna simu mkononi, na bado nimeona habari nzito ikikawia mwaka mzima.

Nilisoma na kijana wa Njoro aliyekuwa na akili kuliko wengi wetu. Ufadhili wake ulimtaka asishuke chini ya wastani fulani wa alama, na muhula wa pili akashuka. Hakumwambia mhadhiri, wala ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wala baba yake. Nyumbani alituma picha za theluji, wakamjibu kwa vigelegele. Ili apunguze mzigo akaacha somo moja, akabaki chini ya saa 12 za masomo (credit hours) ambazo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kuwa nazo kila muhula, na kwa hilo akaipoteza haki yake ya viza. Angetangulia kuingia ofisi ile kabla ya kuliacha lile somo, kuna ruhusa ambayo huenda angepewa. Baba yake alikuja kujua siku ya kumpokea uwanja wa ndege. Nilimtembelea yule mzee baadaye. Alikuwa ameuza kipande cha shamba kwa ajili ya safari ile, lakini shamba hakulitaja kabisa. Kilichomuuma ni kwamba mtoto wake alikuwa akilala na njaa huku yeye akisimulia majirani jinsi anavyoendelea vizuri.

Kwa hiyo sema mapema, huku na kule. Tumelelewa tukijua kwamba mtoto mwenye adabu hunyamaza mbele ya mwalimu, na adabu hiyo ilitufaa hadi KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kule mhadhiri hutenga saa maalumu kila wiki, akakaa ofisini kungoja wanafunzi. Wengi wetu tulidhani anayeingia humo ana kesi. Ingia wiki ya kwanza, hata kama swali lako ni dogo. Tena baadhi ya masomo hutoa alama kwa kuchangia darasani. Mimi niliandika swali langu usiku, nikaliuliza mwanzoni mwa kipindi kabla moyo haujaanza kudunda.

Baridi utaizoea. Koti nunua huko huko.

Upweke ndio mgumu. Majira ya baridi, Kansas iko nyuma yetu kwa saa tisa. Ukitoka darasani saa tisa alasiri, nyumbani ni usiku wa manane na wote wamelala. Tafuta mtu mmoja ambaye saa zake zinakutana na zako. Wangu alikuwa nyanya: huamka saa kumi na moja alfajiri kusali, na kule huwa saa mbili usiku. Nilimweleza alama, madeni, hata hamu ya samaki. Mambo ya wastani hakuyafuata sana, lakini sauti yangu aliielewa, na ni yeye aliyewaambia wajomba waache kuniagiza simu na viatu.

Jumamosi nashuka kwa matatu ya Kericho, nifike Kondele, Kisumu, kabla ya giza. Tutaandika hesabu hiyo kwenye karatasi kubwa, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, tuibandike pale mlangoni watu wanapoingilia. Nimeshazungumza na mwenyekiti wa kamati. Anahofia watu watavunjika moyo wakiiona jumla. Mimi naamini huenda Jumapili hii wakatoa pungufu ya alivyotarajia, na mwakani ukiwapigia simu watatoa tena.

Dada yako,
Nakuru