Riwaya imepata mchapishaji! Tukutane Jumamosi

Hamjambo wasomaji wenzangu,

Najua wengine hamkulala jana. Kwa waliokuwa mbali na simu: mwandishi wetu wa katuni amesaini mkataba, na ile riwaya yake ya fantasia itachapishwa. Nimesoma jumbe zenu zote, hata ile ya sauti yenye vigelegele vitupu.

Sasa tupoe kidogo. Bado kuna uhariri, usomaji wa prufu (nakala ya majaribio, kusaka makosa ya mwisho), jalada, kisha kiwanda cha chapa. Mara nyingi huchukua mwaka au zaidi. Tusimsumbue kwa "kinatoka lini?" Na safari hii hana mchoraji wa kumsaidia: lile joka la kwenye riwaya, kila gamba lake, itabidi alieleze kwa maneno. Mimi hapo ndipo ninapongoja kwa hamu.

Tutazungumza Jumamosi hii saa 2 usiku, kwa simu ya video humu humu kikundini. Kwa muda wa saa moja tu (kweli, msicheke).

1. Nitumieni sentensi mbili za pongezi kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Nitaziunganisha ziwe barua moja.
2. Anayetaka kuagiza mapema aseme nakala ngapi. Pesa bado, mtu asitume chochote.
3. Wenye zile sura za rasimu, tafadhali msizisambaze.

Naomba kila mmoja ajibu NIPO au SIPO kufikia Alhamisi usiku. Atakayenyamaza nitamhesabu SIPO.

Asanteni sana.