Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: presha imepanda, lakini mgonjwa je?

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Salaam. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani. Nimeifanya kazi hii miaka 19, na katika miaka 6 ya mwisho nimekuwa muuguzi wa utafiti pia: mimi ndiye ninayemsomea mgonjwa fomu ya ridhaa, ninayemtoa damu, ninayeandika namba kwenye daftari la jaribio. Nakuandikia hadharani kwa sababu ombi langu haliishii wodini kwangu. Naomba kila mwongozo wa tiba unaosubiri saini yako, na kila jaribio la tiba linaloomba kibali cha wizara yako, liulizwe swali moja kabla ya mengine yote: wagonjwa wanaotibiwa hivi, wangapi wanarudi nyumbani wakiwa hai na wakijiweza?

Najua swali hili linaonekana kama halina haja ya kuulizwa. Nami ningedhani hivyo, kama nisingekaa karibu na tafiti za mzunguko wa damu kwa muda nilioukaa.

Nianze na kidole. Mgonjwa anapoletwa amezidiwa na maambukizi, presha imeshuka, macho hayatulii, jambo la kwanza ninalofanya ni kumshika mkono. Nabonyeza ncha ya kidole mpaka nyama ya chini ya kucha ipauke, kisha naachia na kuhesabu. Mtu ambaye damu inamfikia vizuri, rangi inarudi kabla sijamaliza kusema mbili. Aliyezidiwa nahesabu tatu, nne, tano, na kucha bado imepauka kama nta. Kidole chenyewe ni cha baridi ilhali kifua kinawaka homa. Hapo kila mtu chumbani anajua la kufanya, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: fungua dripu, maji yaingie kwa kasi, damu ipate kusukumwa. Na mara nyingi inafanya kazi. Baada ya saa moja presha inapanda, kidole kinapata joto, ndugu wanamshukuru Mungu, nasi tunashusha pumzi.

Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa FEAST, uliofanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haiwafikii vizuri viungoni waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, ama ya chumvi ama ya albumini, protini ya damu. Wengine walipewa maji ya kawaida ya polepole tu, pamoja na dawa zilezile za maambukizi na malaria. Saa 48 zilipopita, katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa kasi walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na asilimia 10.5. Katika kundi la polepole walifariki asilimia 7.3. Kamati huru iliyokuwa ikizifuatilia takwimu ilisimamisha uandikishaji kabla idadi iliyopangwa haijatimia.

Lililoninyima usingizi nilipousoma si hilo peke yake, Mheshimiwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba saa moja baada ya kuanza tiba, watoto waliopewa maji kwa kasi walikuwa wametoka kwenye hali ya mshtuko, yaani damu kushindwa kuvifikia viungo, kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, kama tungesimamisha hesabu pale, kwenye saa ile ambayo sisi wodini huwa tunashusha pumzi, tungeandika kwamba tiba imefaulu. Vifo vya ziada vilikuja baadaye, na vingi havikutokana na maji kujaa mapafuni kama wengi tulivyotarajia, bali moyo na mishipa kushindwa kabisa.

Niseme wazi, asije mtu akalipotosha hili: watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika utafiti ule. Mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji maji, na ayapate.

Mimi nauguza watu wazima, na kwa miaka kadhaa nilijifariji kwamba hayo ni ya watoto. Kisha mwaka 2017 yakachapishwa matokeo kutoka Zambia, Hospitali Kuu ya Kufundishia ya Lusaka. Wagonjwa 209 walioingia kwenye hesabu walikuwa watu wazima wenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyouzidi mwili mpaka viungo vinaanza kushindwa, na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Nusu walitibiwa kwa utaratibu wa saa 6 wa maji mengi, dawa za kupandisha presha na kuongezewa damu inapobidi. Nusu ya pili walitibiwa kama ilivyozoeleka hospitalini pale. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 48.1 kwenye utaratibu ule mpya na asilimia 33.0 kwenye tiba ya kawaida. Utaratibu wenyewe ulifanana na ule uliokuwa ukisifiwa katika nchi tajiri, na waliouandaa walikuwa na nia njema. Lakini ulikuwa umezaliwa mahali ambapo mgonjwa akishindwa kupumua kuna mashine ya kumpumulia na muuguzi amesimama kando ya kitanda. Ukihamishiwa wodi yenye muuguzi mmoja kwa vitanda arobaini, unakuwa tiba nyingine kabisa, hata kama kwenye karatasi maneno ni yaleyale. Usiku nikiwa peke yangu siwezi kuangalia shingo za wagonjwa wanne kila saa nione kama mishipa imejaa, dalili kwamba maji yamezidi. Najua, kwa sababu nimejaribu.

Presha ni namba ya kupendeza kwa sababu inaonekana. Iko kwenye kioo cha mashine, inaandikika kwenye faili, inapanda mbele ya macho yako. Lakini mtu yeyote aliyewahi kumwagilia bustani anajua: mpira wa maji ukiubana mwisho, presha inapanda nyuma ya vidole vyako, na ndoo inajaa polepole kuliko mwanzo. Mishipa ya damu ni hivyohivyo. Dawa inaweza kuibana, presha ikapanda vizuri, na figo na utumbo vikabaki na kiu. Kuna dawa iliyotengenezwa kuzuia mwili usitoe naitriki oksaidi, ile gesi inayolegeza mishipa wakati wa sepsisi. Kwa hoja za maabara ilikuwa nzuri sana. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 797, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Presha ilipanda kama ilivyoahidiwa. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki asilimia 59 ya waliopewa dawa, na asilimia 49 ya waliopewa dawa-bandia, ile isiyo na dawa ndani yake. Fikiria kama kibali kingetolewa kwa kigezo cha presha.

Simaanishi kwamba kufuatilia mtiririko wa damu ni kazi bure. Mwaka 1988 jaribio la ISIS-2 lilichapisha matokeo ya wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, streptokinesi, ikitolewa pamoja na aspirini, ilishusha vifo vya moyo na mishipa ndani ya wiki 5 kutoka asilimia 13.2 hadi asilimia 8.0. Hoja yote ya tiba ile ilikuwa kuifungulia damu njia. Ila waliolibuni jaribio hawakutuomba tuamini kwa sababu mshipa umefunguka. Walitumia fomu fupi, wakaandikisha watu wengi, wakahesabu waliokufa na waliopona. Ndiyo maana hata leo aspirini ni kati ya vitu vya kwanza tunavyompa mgonjwa wa shambulio la moyo.

Na kidole changu? Nacho kimeingia kwenye utafiti, jambo lililonifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la ANDROMEDA-SHOCK kutoka Amerika Kusini, wagonjwa 424 wenye mshtuko wa sepsisi. Kundi moja tiba yake iliongozwa na kipimo cha lakteti katika damu, kemikali inayopanda viungo vinapokosa damu ya kutosha. Kundi la pili iliongozwa na muda wa rangi kurudi kidoleni: kipande cha kioo kinakandamizwa kwenye kidole kwa sekunde 10, kisha unahesabu, na zikizidi sekunde 3 ujue damu bado haifiki. Siku 28 baadaye walikuwa wamefariki asilimia 34.9 kwenye kundi la kidole na asilimia 43.4 kwenye kundi la lakteti. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kitakwimu walichojiwekea, nao wakasema hivyo bila kuficha. Hata mimi ninayetaka sana kidole kishinde, sina ruhusa ya kulipamba jibu lao. Lakini huo ndio utafiti ninaouomba kwako, Mheshimiwa: kipimo ambacho muuguzi wa zamu anaweza kukifanya mwenyewe, na mwisho unaohesabiwa kwa watu.

Sasa nikueleze la kwangu, nalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Hospitali sitaitaja.

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi kwenye jaribio la dawa ya wagonjwa ambao mishipa ya miguu imekuwa myembamba, wale ambao wakitembea kidogo miguu inabana mpaka wasimame. Kila mwezi niliwalaza, nikapaka jeli, nikaweka kipimo cha Dopla, kile kinachosikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, kwenye kifundo cha mguu, na sauti ile ya damu, fyuu, fyuu, ikajaa chumba. Niliandika kasi ya damu. Niliandika presha ya kifundo na presha ya mkono. Fomu ilikuwa na kurasa 11, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na mstari wa kuandika mgonjwa anatembea hatua ngapi kabla maumivu hayajamsimamisha. Mzee mmoja aliniuliza siku ya kwanza, kabla hajaweka dole gumba kwenye fomu: "Mwanangu, hii dawa itanifikisha msikitini bila kupumzika njiani?" Nilimjibu kwamba ndicho tunachotafuta. Nilikuwa namwambia uongo bila kujua, kwa sababu sikuwa nimeigeuza fomu mpaka ukurasa wa mwisho.

Utafiti ulifungwa. Makasha yalichukuliwa. Hakuna aliyerudi kutuambia chochote, si wauguzi, si wagonjwa. Yule mzee bado anakuja kliniki kila baada ya miezi mitatu, na kila akija ananiuliza, "Ule utafiti wetu ulisemaje?" Anasema *wetu*. Alitoa mguu wake, muda wake, damu yake mara nane. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu ambao kamati zetu za maadili huapa kwao, linasema washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2015 kwamba matokeo makuu yawekwe kwenye sajili ya majaribio ndani ya miezi 12 tangu utafiti ukamilike. Sheria mpya haihitajiki, Mheshimiwa. Inahitajika barua moja kutoka ofisini kwako ikisema kwamba asiyeleta matokeo ya jaribio lililopita, yawe mazuri au mabaya, hapewi kibali cha linalofuata.

Katika barua hiyohiyo agiza kwamba fomu ya kuomba kibali ionyeshe, kwenye ukurasa wa kwanza, ni jambo gani linalomgusa mgonjwa litakalohesabiwa: uhai, kutembea, kutoka hospitalini, kuepuka kusafishwa figo. Kasi ya damu na presha zipimwe, zitatusaidia kuelewa sababu, lakini zikae kurasa za nyuma. Na mwongozo wowote uliotoka kwenye hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu, kabla haujashushwa kwenye wodi za kawaida, ujaribiwe kwanza kwenye wodi za kawaida. Wasiwasi wa fedha naufahamu. ISIS-2 inaonyesha kwamba jaribio kubwa linaweza kuwa jepesi, kwa sababu kuhesabu nani yu hai hakuhitaji mashine.

Mkitaka wauguzi wa kuwasaidia kuiandika fomu hiyo upya, tupo. Tunajua mistari gani haipo.

Yule mzee ana kliniki tena mwezi ujao. Nimeandika kwa waliokuwa viongozi wa jaribio lile mara mbili, bila jibu. Ofisi yako ikiwauliza, watajibu, nami nitapata la kumwambia.

Wako katika kazi,
Muuguzi, wodi ya magonjwa ya ndani