Mnabadilisha balbu wakati ubovu uko kwenye waya

Kwa meneja wa duka na mkuu wa mafundi wa boti,

YAH: TAA ZA BOTI MLIZOFUNGA HAZIONEKANI USIKU

Habari za kazi ndugu meneja. Nimeamua kuandika kwa sababu simu mnapokea vizuri tu, mnasema fundi anakuja, na kweli anakuja, ila kila akija amebeba balbu. Naomba msome yote kabla hamjamtuma mtu tena, maana tatizo tumeshalijua liko wapi na balbu hazihusiki.

Boti ni ile ya mbao ya mita 9 inayolala Igombe, inaleta dagaa na kayabo (samaki wa chumvi) kutoka visiwa vya Ziwa Victoria mpaka soko la Mwaloni pale Kirumba, na mara nyingi tunaondoka usiku ili alfajiri mzigo uwe sokoni. Tuliwalipa mfunge taa nyekundu na kijani mbele, nyeupe ya kuonekana pande zote juu ya mlingoti, swichi na nyaya zake, na risiti ninayo. Mwanzoni ziliwaka vizuri, hilo sikatai. Baadae za mbele zikaanza kufifia, ya kijani ikawa inawaka ikijisikia, ukigonga ubao inarudi, na pampu ya kutoa maji ikianza kuvuta tu basi zote zinabaki kama kaa la sigara.

Fundi wenu akasema betri imechoka. Tukaazima betri mpya ya boti ya jirani, imejaa chaji, tukaifunga, hali ile ile. Akasema basi ni balbu, akaweka mpya, akawasha, zikawaka, akachukua hela yake akaondoka, na hiyo ilikuwa mchana jua linawaka. Jamani taa ya boti unaipima mchana? Usiku wake zikafifia tena vilevile.

Ndio tukamuita kijana mmoja wa umeme wa magari kutoka Kirumba, akaja na mita na waya mrefu. Naeleza alichofanya ili fundi wenu asije akasema tumebahatisha. Kwanza aliwasha taa zote, maana anasema ukipima volti taa zikiwa zimezimwa unajidanganya, hata waya uliooza utakusomea 12 kamili kwa sababu hakuna kinachovuta umeme. Kwenye betri ikasoma 12.5. Kwenye taa ya kijani ikasoma 9.4. Yani volti 3 zimepotelea njiani ndani ya boti ndogo hivi! Akagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya taa, taa zikiwa bado zinawaka, pale mita inatakiwa isome karibu na sifuri, ikasoma 2.3. Upande wa moto, yaani chanya, upotevu haukufika hata volti 1, kwa hiyo ubovu mkubwa uko kwenye waya wa kurudi. Mwisho akachukua ule waya wake mrefu akaupeleka moja kwa moja kutoka hasi ya betri mpaka mbele kwenye taa, na zile zile balbu mlizosema mbovu zikawaka mpaka watu waliokuwa wanashusha mzigo boti ya pili wakageuka.

Tukafungua mbao za sakafu. Pale chini kabisa, sehemu ambayo maji hukusanyika, tukakuta hasi za taa zote tatu na hasi ya pampu zimesokotwa pamoja kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, basi. Tepu imeshaachia gundi, shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi zinakatika ukizigusa. Tukakata waya nyuma kidogo tupate sehemu nzima tuunge upya, ndani shaba nyeusi. Tukakata tena, bado nyeusi, maji yamepanda ndani ya plastiki. Waya wa hivyo haukazwi wala haupakwi kitu, unatolewa wote.

Nilipopiga simu fundi akanijibu kwamba ziwa sio bahari, maji hayana chumvi, shaba haiwezi kuoza. Ndugu zangu, nyie mko Mwanza, kayabo mnaijua. Samaki wa chumvi akichuruzika safari nzima ile chumvi inakwenda wapi kama sio chini ya sakafu, hapo hapo mlipoweka maungio? Na hata bila chumvi, maungio ya kusokota yanayolala kwenye maji hayawezi kudumu.

Alafu huo waya wenyewe ni wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba wa kwenye feni. Kutoka betri mpaka mbele ni mita 8, kwenda na kurudi 16, na balbu tatu za wati 10 zinavuta kama ampea 2.5. Pigeni hesabu wenyewe, huo waya hata ukiwa mpya unapoteza karibu volti nzima, asilimia 8 hivi, wakati taa za boti kiwango kinachopendekezwa ni upotevu usizidi asilimia 3. Mngeweka wa 2.5 upotevu ungekuwa kama 0.3 tu. Na balbu hizi za nyuzi hazipungui mwanga taratibu, ya volti 12 ukiilisha 10 inatoa karibu nusu ya mwanga wake, sasa fikirieni ikipata 9.

Fyuzi hakuna hata moja, waya umetoka betri moja kwa moja na kupita pembeni ya tenki la petroli. Hili peke yake lilitosha kuniandikisha barua.

Na siku ile ya balbu fundi wenu alizishusha taa za mbele, akazirudisha nyekundu ikiwa kulia na kijani kushoto. Ukiwa ndani ya boti umetazama inakoelekea, kijani ni kulia, duniani kote ndivyo, na anayekutana na sisi gizani anajua tunaelekea wapi kwa rangi anayoiona. Nahodha aliona kabla hatujatoka, akazirudisha. Asingeona, mwenzetu angetupisha kwa kuja upande wetu.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinataka boti ya chini ya mita 12 taa zake za ubavuni zionekane angalau maili 1 ya majini, ambayo ni kama kilomita 1.85, na nyeupe maili 2. Zetu ukiwa karibu tu ushazipoteza. Na nyie mnajua usiku usio na mwezi ziwa linajaa karabai na taa za sola za wavuvi wa dagaa, katikati ya mianga ile taa iliyofifia ni sawa na hakuna. Boti inabeba watoto wa watu.

Ninachotaka ni hiki. Nyaya zote zitolewe, ziwekwe za 2.5 za nyuzi nyingi zenye shaba iliyopakwa bati, maungio yabanwe kwa tamino (vile vibanio vya chuma vya waya) na mpira wa kusinyaa kwa moto, na yakae juu, sio chini ya sakafu. Pampu iwe na hasi yake hadi kwenye betri. Fyuzi ikae shibiri moja tu kutoka betri. Kazi ikiisha tupime usiku, taa zote na pampu vikiwa vinafanya kazi, na namba za mita ziandikwe kwenye karatasi mkaweka sahihi. Hela ya zile balbu mnirudishie, na ya yule kijana wa Kirumba pia, maana amefanya kazi iliyokuwa yenu.

Lingine, na hili ndilo linaniuma zaidi. Kuna boti Kayenze mliyoifunga nyie, nimefunguliwa sakafu nikaona waya ule ule, tepu ile ile, fyuzi hakuna. Zipo ngapi? Wenye boti hao mnazo namba zao, wapigieni leo kabla taa zao hazijafika zilipofika zangu.

Mwisho wa mwezi huu nisipoona mtu, napeleka risiti na picha Tume ya Ushindani, na TASAC, wale wa serikali wa usalama wa vyombo vya majini, wakija kukagua nitawaonyesha pia. Boti ipo Igombe, usiku haitoki mpaka kazi iishe. Kipande cha waya tulichokata nimekitunza, mkitaka kukiona nakileta dukani.

Mwenye boti,
Igombe, Mwanza